Kwa nyanya ni Umoja

Zamani, ukimwuliza mtoto wa Nairobi kwa nyanya yake ni wapi, angekutajia Murang'a, Machakos, Siaya, Kakamega au Kisii. Jiji lilikuwa mahali pa baba kwenda kazini, na mashambani palikuwa mahali pa nyanya, kuku na likizo ya Desemba. Siku hizi, mpenzi msomaji, uliza swali hilo hilo na usishangae ukijibiwa: "Kwa nyanya ni Umoja." Wengine watakuambia Buruburu au Jericho. Wale waliohamia mitaa hii ya Eastlands wakiwa vijana wenye kazi mpya na watoto mgongoni wamezeekea humo humo, na sasa wajukuu ndio wanaopanda magari huko mashambani kuja mjini kuwaona.

Na si wote wanaokuja kutembea tu. Kuna wanaoletwa kwa sababu nyumbani kwao kuna ugonjwa. Mmoja wao alikuja Umoja kutoka Kitui katika likizo ya Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka saba, mkoba wa nguo, kibuyu cha asali na kilo mbili za ndengu. Nilisoma na baba yake katika chuo cha walimu, kwa hivyo nyanya yake ni mama yangu pia kwa desturi zetu. Nilikwenda kuwajulia hali, na huko ndiko nataka tufuatane leo.

Kutoka katikati ya jiji, matatu za Umoja ni zile zenye nambari 35/60. Hutazipotea, kwani utazisikia kabla ya kuziona. Zimechorwa nyuso za wanamuziki na wachezaji kandanda, taa zake humetameta mchana, na muziki wake hukutikisa kifua. Gari hushika Jogoo Road, barabara inayokuonyesha Eastlands kama kitabu kinavyofunguliwa kurasa: Kaloleni na Makongeni, kisha Maringo, Jericho na Makadara, mitaa iliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, wa baraza la jiji na wa viwandani. Magari mengine hukata kuingia Buruburu, yakatokea Mutindwa penye mitumba, viatu na mboga za kila aina, kisha yakavuka Outer Ring Road. Ukishavuka hapo, umefika.

Umoja haukuota kama uyoga. Mtaa huu ulijengwa na Baraza la Jiji la Nairobi katika miaka ya 1970, kwa mkopo uliodhaminiwa na shirika la misaada la Marekani, USAID. Umoja ya Kwanza ilikuwa na nyumba karibu 3,000, nyingi zikiwa za vyumba viwili, jikoni, choo na bafu. Mpango ulikuwa kwamba mfanyakazi wa mshahara mdogo anunue nyumba hiyo kwa malipo ya kila mwezi, na kila kiwanja kiliachiwa nafasi ili mwenyewe aongeze chumba atakapojiweza. Umoja ya Pili ilifuata katika miaka ya 1980. Hatimaye wengi waliofaulu kulipa walikuwa makarani, walimu, wauguzi na watumishi wa serikali.

Mwenyeji wetu alikuwa mmoja wao. Yeye na marehemu mumewe, wote makarani, waliingia katika nyumba yao mwaka 1977 akiwa na miaka 27. Anakumbuka vumbi jekundu, nyumba zilizofanana hata mgeni akabisha mlango usio wake, na anga kubwa. "Tulikuwa tunaona jua likichomoza na likitua bila kutoka uani," aliniambia.

Anga hiyo sasa ni ya kutafuta kwa tochi. Ile ruhusa ya kuongeza chumba ilizaa chumba cha pili na cha tatu, na baadaye orofa. Kwa kuwa Nairobi ilikuwa na kiu ya nyumba za kupanga, wenye viwanja walijenga kwenda juu, mara nyingi bila kungoja idhini ya baraza. Leo ukitembea Umoja unapita kati ya majengo ya orofa nne, tano na zaidi yaliyokaribiana hivi kwamba jirani wa ng'ambo anaweza kukuazima chumvi kupitia dirishani. Nguo huning'inia kwenye roshani kama bendera za mataifa yote. Chini kuna duka la jumla, kinyozi, mama mboga, fundi wa viatu, mwuza gesi na kanisa, vyote katika hatua hamsini. Nyumba ya mama yetu nayo iliongezwa orofa mbili katika miaka ya 1990 kwa kiinua mgongo cha mumewe. Yeye anaishi chini, katika vyumba vile vile viwili vya mwaka 1977, na kodi ya wapangaji wa juu ndiyo inayomlisha.

Kwa mtoto wa Kitui mambo haya yalikuwa maajabu. Siku ya kwanza aliuliza watu wa juu wanafugia wapi mbuzi. Siku ya pili akauliza kwa nini maji yana siku zake kama soko la kijijini. Hapo aliuliza swali ambalo watu wazima wa Nairobi huliuliza pia. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka katika bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lililokamilika mwaka 1994, nayo hayatoshi watu wote kwa wakati mmoja. Kwa hivyo mitaa hupata maji kwa zamu. Siku ya zamu, kila chombo nyumbani hujazwa: pipa, ndoo, sufuria na mitungi. Siku nyingine utamsikia mwuza maji na mkokoteni wake, mitungi ya lita 20 ikigongana.

Jambo la tatu lililomshangaza lilikuwa jina la nyanya yake. Watoto wa ploti walimwita "shosho". Yeye alisimama mlangoni akawasahihisha: "Huyu si shosho. Ni susu." Mkamba humwita nyanya yake susu, Mkikuyu humwita cucu, Mluo dani, Mluhya kukhu na Mkisii magokoro. Vijana wa Eastlands walilichukua lile la Wakikuyu, wakalilainisha likawa shosho, wakalifanya la kila mkongwe wa mtaa. Baada ya juma moja, watoto wa orofa ya pili nao walikuwa wakiita "Susu! Susu!" wakija kuomba maji ya kunywa. Mgeni alikuwa ameshinda.

Lakini msomaji, tusisahau kilichomleta. Mama yake alikuwa mjamzito wa miezi saba na kidogo. Alianza kuumwa na kichwa kisichosikia dawa, macho yakaona giza, na mikono na uso vikavimba. Kliniki walimpima wakakuta shinikizo la damu limepanda mno na mkojo una protini. Hali hiyo ndiyo inayoweza kuishia katika kifafa cha mimba, na kifafa cha mimba huua. Alipewa rufaa kuja katika hospitali kubwa ya umma jijini. Dawa zilituliza shinikizo kwa siku chache tu. Tiba halisi ya hali hiyo ni mtoto kuzaliwa, kwa hivyo mtoto alizaliwa akiwa na majuma 31 badala ya 40, na uzito wa kilo 1.4, chini ya pakiti moja ya unga wa kilo mbili.

Mtoto wa kiasi hicho hawezi kunyonya. Hulishwa kwa mrija, na mama hukamua maziwa karibu kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Ndiyo sababu mama huyo hakuweza kutoka hospitalini hata alipoanza kupata nafuu. Baba naye akawa mtu wa njiani, leo Kitui na kesho Nairobi. Binti yao wa kwanza angebaki na nani? Akabaki na susu, mwenye miaka 75, anayemeza vidonge vya shinikizo la damu kila asubuhi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Susu aliufuata mwongozo huo neno kwa neno. Siku ya tatu mjukuu alipewa mtungi wake mdogo wa lita tatu, na siku ya maji alipanga foleni kama watu wengine. Alipewa pia kazi ya kumkumbusha susu vidonge vyake baada ya uji. Susu mwenyewe ndiye aliyevitoa na kuvifungia juu ya kabati, lakini kukumbusha kulikuwa kazi ya mtoto, na hakukosa hata siku moja. "Mtoto asiye na kazi katika nyumba ya mgonjwa hukaa akifikiri," susu alinieleza. "Na mtoto akifikiri peke yake hufikiri mabaya."

Palitokea mvutano kati ya mama na mwanawe. Baba ya mtoto alitaka binti yake aambiwe kwamba mama amesafiri. Alisema mtoto wa miaka saba hana haja ya kubeba mzigo wa watu wazima. Susu hakuinua sauti. "La, mwanangu," alimwambia. "Wewe ulikuwa na miaka minne."

Nilikuwapo, na niliona rafiki yangu akiinamisha kichwa. Mwaka 1985 mama yake alijifungua kabla ya wakati alipokuwa mashambani kwa likizo. Mtoto aliishi siku mbili. Kwa desturi ya wakati huo hakuna aliyemwambia kijana mdogo lolote. Wakubwa walizika, wakarudi, wakanyamaza. Naye kijana, aliyekuwa ameahidiwa ndugu, alikaa kwenye ngazi ya mlango wa Umoja kila jioni akingoja gari lililombeba ndugu yake. Alingoja hadi likizo ya Desemba, akaacha, asiulize tena. Mama yake alimwona kila jioni kutoka jikoni, na hakujua aanzie wapi.

Kwa hivyo usiku ule ule susu alimketisha mjukuu kitandani akamwambia kwa maneno ya kadiri yake. Mama alikuwa mgonjwa, sasa anapata nafuu. Una ndugu mdogo wa kiume. Alizaliwa mapema, kwa hivyo ni mdogo sana, na wauguzi wanamsaidia kukua. Mtoto akauliza: "Atakufa?" Susu akamjibu kwamba hajui, kwamba wauguzi wanafanya kazi yao na mama yuko pale pale karibu naye, na kwamba likitokea jambo lolote, jema au baya, yeye susu ndiye atakayemwambia, si mtu mwingine. Mtoto akatafakari, akaomba maji, akalala.

Ahadi hiyo ilijaribiwa upesi. Siku ya tisa, saa nane za usiku, simu ililia. Mtoto mchanga alikuwa ameacha kupumua. Watoto wanaozaliwa mapema mno husahau kupumua kwa sababu sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi haijakomaa. Mara nyingi mwuguzi akimgusa au kumgongagonga unyayo, pumzi hurudi, na hupewa dawa ya kuzuia hali hiyo isijirudie. Hivyo ndivyo ilivyokuwa usiku ule. Asubuhi, kabla ya uji, susu alimweleza mjukuu yote: alisahau kupumua, akakumbushwa, sasa anapumua. Mtoto akauliza kama ni sawa na susu anavyokumbushwa vidonge. Susu akasema ni sawa kabisa.

Walikuwa pia na jambo la furaha la kungojea. Mtoto alipotulia, mama alianza kumbeba kwa mbinu inayoitwa ya kangaruu: mtoto huvuliwa nguo, akaachiwa nepi, kofia na soksi, akawekwa kifuani ngozi kwa ngozi, kisha akafungwa kwa leso. Mbinu hii ilianzia Bogotá nchini Colombia mwaka 1978, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri itumike mara tu baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku, kwa watoto wanaozaliwa mapema au wakiwa na uzito mdogo. Joto la mzazi humpasha mtoto, pumzi yake hutulia, maziwa ya mama huongezeka. Na si lazima awe mama tu. Baba anaweza, na nyanya pia anaweza. Wauguzi walipomwambia susu kwamba angeweza kumshika zamu mkwewe apate kulala, alinyamaza kidogo, kisha akauliza anawe mikono wapi.

Hapo ndipo ploti ilipohitajika. Kutoka Umoja hadi hospitali hiyo ni magari mawili kwenda na mawili kurudi, na watoto wadogo hawaruhusiwi wadini. Mpangaji wa orofa ya pili, mama kutoka Homa Bay mwenye watoto watatu, alisema wa nne hataonekana. Akawa anampokea mjukuu kila adhuhuri. Msichana wa saluni alimsuka nywele na akakataa malipo. Mama mboga alikuwa akimwita apite achukue ndizi. Shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Agosti na mama bado yuko hospitalini, ilibidi baba amrudishe binti yake Kitui kwa jirani mwalimu, akawa anakuja Umoja Ijumaa jioni na kurudi Jumapili. Susu hakupenda hilo, lakini alikubali kwamba masomo nayo yana zamu yake kama maji.

Katika kukaa kwangu pale nilijifunza mambo ambayo familia yoyote ya mjini ingefaa kuyaweka akilini kabla mtoto hajapelekwa kwa nyanya ghafla. Kwanza, mtoto aje na kadi yake ya kliniki, dawa zake ikiwa anazo, nakala ya cheti cha kuzaliwa na karatasi yenye nambari za simu za watu wawili wanaopatikana usiku. Pili, aje na nguo anayolalia au kitu anachokipenda, hata kikiwa kikuukuu. Huyu wa Kitui alilala na leso ya mama yake.

Tatu, aje na fedha za chakula chake. Wazee wa miaka 70 na zaidi walioandikishwa katika mpango wa serikali wa Inua Jamii hupewa Sh2,000 kwa mwezi, lakini fedha hizo ni za kumsitiri mzee, si za kumlea mtoto mwenye wazazi. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia yake na Serikali. Mzee anayelea hajaacha kuwa mzee. Awekewe mtu wa kumpokea mzigo walau siku moja kwa juma, na vidonge vyake visikatizwe kwa sababu ya mgonjwa mwingine.

Nne, bima ishughulikiwe mapema. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF iliyoanzishwa mwaka 1966. Kujiandikisha na kuwaandikisha mume au mke na watoto ni kazi ya siku ya afya, si ya usiku wa rufaa. Tano, mtoto aambiwe ukweli unaolingana na umri wake, na aambiwe na mtu mmoja anayemwamini. Mficha maradhi kifo humuumbua, nao wanaoachwa gizani huumia hata kama hakuna aliyekufa.

Nilipokwenda mara ya mwisho, mtoto mchanga alikuwa na majuma matano na kilo 1.9. Alikuwa ameanza kunyonya mwenyewe, akichoka haraka lakini akirudia. Madaktari walikuwa wakizungumzia kumruhusu aende nyumbani, na nyumbani kwa mwezi wa kwanza hapatakuwa Kitui bali Umoja, karibu na kliniki yake. Susu alikuwa amekwisha kusogeza kabati ili kitanda cha pili kipate nafasi katika chumba cha mwaka 1977. Ilikuwa Jumamosi, siku ya maji. Mjukuu alikuwa amerudi kutoka Kitui jana yake, na alikuwa kwenye foleni uani na mitungi miwili, wake wa lita tatu na mwingine mdogo zaidi alioununua kwa fedha zake. Nilimwuliza huo wa pili ni wa nani.

"Ni wa ndugu yangu," akasema. "Akija, siku ya tatu tutampa."